Mzee Hebu na Vijia Visivyokuwepo

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mchora ramani wa ofisi yetu ya mipango ya ardhi atafunga kabati la chuma kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia kaunti hii kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe. Barua ya idara ya utumishi ilisema siku saba, naye hakuiamini, akaenda na barua zake zote za ajira hadi dirishani kwao wakahesabu pamoja. Zilikuwa tisa.

Kamati ya kumuaga imenipa kazi ya kuandika wasifu huu, ikanipa kurasa na ikanipa onyo. Onyo lenyewe ni kwamba nisiguse "lile jambo". Sasa katika jengo hili hakuna asiyelijua lile jambo, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi. Miaka miwili iliyopita mzee huyu alisimamishwa kazi kwa miezi mitatu, akituhumiwa kumpa dalali wa viwanja rasimu ya siri ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kisha akarudishwa kazini kwa maneno mawili tu, "ushahidi haukutosha", na maneno hayo yalikaa kwenye faili lake mpaka asubuhi ya leo. Mtu anayeondoka na maneno hayo hajasafishwa. Amesamehewa kitu ambacho hakijathibitishwa kuwa amekifanya, na watu huendelea kumtazama mikono yake.

Kwa hiyo nitaligusa. Wenye haraka ya keki wanivumilie.

Alianza kazi akiwa mbeba vigingi. Kazi ilikuwa kumfuata mpima vichakani, mzigo wa vigingi begani, nyundo mkononi, na kunyamaza. Vigingi alivibeba vizuri, kunyamaza kukamshinda. Wiki ya pili alimwambia mpima wa enzi hizo kwamba kamba yake ya kupimia imetanuka kwa uzee, na kwamba kila shamba walilolipima tangu Jumatatu limeandikwa dogo kuliko lilivyo. Mpima alimfokea mbele ya wenye mashamba. Siku iliyofuata, bila kumwambia mtu, aliilaza kamba ile kwenye korido akaipima kwa rula ya chuma, akakuta imezidi kwa kiganja kizima. Wakarudia mashamba yote kumi na moja. Mpima yule hakumsemesha kwa mwezi mzima, lakini ndiye aliyeandika barua ya kupendekeza apelekwe kusomea uchoraji wa ramani.

Akarudi na cheti, akapewa chumba cha mwisho wa korido, mkabala na masjala, na hapo ndipo amekaa mpaka leo. Ni chumba chenye dirisha moja, kabati la chuma la droo kumi na mbili, na meza ya kuchorea ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha mbao. Kina pia birika la umeme ambalo kwenye orodha ya mali ya ofisi limeandikwa "kifaa cha kuchorea". Wakaguzi wamelipita mara nne bila kuuliza.

Jina la Mzee Hebu alipewa na makarani wa masjala. Ukimwambia mvua inanyesha, atakwambia hebu kwanza, kisha atoe mkono nje ya dirisha. Ukimwambia mkutano umeahirishwa, hebu kwanza, kisha aende ukumbini kuhakikisha viti ni vitupu. Kuna mwaka sukari ya chai ya ofisi ilikuwa ikiisha kabla ya wiki kuisha, kila mtu akimsingizia mhudumu. Mzee Hebu akachora mstari mwembamba wa penseli ubavuni mwa kopo, akaandika saa kando yake, na akawa anachora mstari mpya kila alipopita. Siku ya tatu alimkuta mlaji, na mlaji alikuwa Mkurugenzi, ambaye daktari alikuwa amemkataza sukari na mkewe alikuwa ameificha ya nyumbani. Mkurugenzi ameniruhusu kuliandika hili. Amesema, baada ya yote yatakayofuata, hilo ni dogo.

Wageni wengi watakuwa wamekisikia kisa cha bwawa la mabati, lakini kinasimuliwa vibaya, hivyo nikisahihishe. Tulipoletewa picha za setilaiti kwa mara ya kwanza, kompyuta ilipaka rangi ya buluu sehemu moja ya tambarare ya juu, ikatutangazia kwamba pana bwawa. Sisi vijana tulishangilia. Maji mahali pakavu namna ile ni habari njema, na tulikuwa tumeshaanza kuandika pendekezo la skimu ya umwagiliaji. Mzee Hebu aliitazama picha, akavaa kofia, akaondoka. Alirudi kesho yake mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, akaweka juu ya meza ya Mkurugenzi msumari mmoja wa kupigilia bati. Bwawa letu lilikuwa paa jipya la ghala la mahindi.

Mimi nilikuwapo siku ile, nilikuwa na miezi minne kazini. Nilicheka na wenzangu, lakini nikiri kwamba sikumpenda. Mtu asiyeamini kitu chochote alinitia wasiwasi. Nilijiuliza, huyu anajua nini kuhusu udanganyifu hata auone kila mahali?

Kwa ajili ya familia ya mzee, na wale waliofuata harufu ya chakula, nieleze mpango wa matumizi ya ardhi ni nini. Ni ramani kubwa ya kaunti yenye rangi, pamoja na kitabu cha kuielezea. Kijani ni mashamba, njano ni makazi, kahawia ni malisho, buluu ni vyanzo vya maji, nyekundu ni biashara na maghala. Ikishapitishwa na baraza, hairekebishwi kirahisi kwa miaka ishirini. Kipande cha ardhi kikitoka kahawia kwenda nyekundu, aliyekinunua mapema anatajirika, na aliyekiuza mapema anabaki akisimulia. Hiyo ndiyo sababu rasimu ni siri mpaka isomwe hadharani, na ndiyo sababu afisa wa mipango ya ardhi hupata marafiki wengi asiowatafuta.

Rasimu ya tatu ya mpango wetu ilichorwa na Mzee Hebu kwa nakala tano. Moja ilikuwa ya Mkurugenzi, ya pili ya mpima, ya tatu yangu mimi afisa mipango, ya nne ya afisa kilimo, ya tano ya afisa maji. Kila mtu alitia sahihi. Masharti yalikuwa kwamba nakala isitoke ndani ya jengo. Kwenye rasimu hiyo kulikuwa na pendekezo moja la kujadiliwa tu, kwamba bonde la chini, ambalo tangu zamani ni malisho yenye chemchemi, liwekwe nyekundu lipate soko na maghala. Halikuwa limeamuliwa. Mzee Hebu alilipinga kwa maandishi, na mimi pia.

Haukupita mwezi, akaja ofisini mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wawili, mkazi wa pembezoni mwa bonde lile. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema dalali wa viwanja anapita nyumba hadi nyumba akiwaonyesha watu mchoro, akiwaambia serikali imeshaamua, wataondolewa, na bora wauze sasa wapate chochote. Kaya nne zilikuwa zimeshauza. Yeye alikuwa amepewa nakala ya mchoro na siku saba za kufikiri. Aliikunjua karatasi ile mezani kwangu, nikaitambua papo hapo, ilikuwa rasimu yetu ya tatu, na mistari ilikuwa ya mkono wa Mzee Hebu.

Nikamwambia mama asiuze. Nikabaki na karatasi.

Nani aliitoa? Nakala zilikuwa tano, lakini mimi sikuwatilia shaka watu watano. Nilimtilia shaka mmoja, yule aliyezichora. Nilianza kumwangalia, na kila nilichokiona kilinipa nguvu. Alikuwa anafunga mlango wa chumba cha ramani kwa ufunguo hata akienda msalani. Alikuwa anaandika vitu kwenye daftari dogo na kulificha mtu akiingia. Simu ikilia anatoka nje kuipokea. Kisha, siku ya soko, nilimwona kwa macho yangu ameketi ndani ya ofisi ya dalali, chupa ya soda mbele yake, wanacheka. Wiki iliyofuata nikamwona tena palepale. Mtu aliyekuwa haamini hata mvua, sasa anacheka na dalali.

Nikaandika barua. Sikuweka jina. Niliipiga chapa siku ambayo wengine walikuwa wameenda kwenye semina, nikaambatanisha ile karatasi ya mama wa ng'ombe wawili kama kielelezo, nikaisukuma chini ya mlango wa Mkurugenzi. Miaka miwili watu wamebahatisha nani aliyeiandika. Wengine walisema mpima, wengine makarani wa masjala, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Ni mimi.

Hamjamaliza kunishangaa, lakini twende.

Aliitwa, akaonyeshwa karatasi, akaulizwa. Mkurugenzi anakumbuka kwamba aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu sana, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akasema hana la kusema kwa sasa. Kwangu mimi, nilipolisikia hilo kwenye korido, ilikuwa kama amekiri. Mtu safi angepiga kelele. Akasimamishwa siku hiyohiyo, akatoka na kofia yake na kikombe chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza hadi getini.

Miezi mitatu ile ilimgharimu. Nafasi ya mkuu wa kitengo cha ramani, ambayo ilikuwa yake kwa kila hesabu, alipewa mtu wa kutoka nje, ambaye aliondoka baada ya mwaka. Mkewe, fundi cherehani ambaye sare za watoto wetu wengi zimepita mikononi mwake, aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha akina mama, kwa sababu akiingia mazungumzo yalikuwa yanakatika. Mimi mwenyewe nilihamisha sare za wanangu kwa fundi mwingine. Nilijiambia ni kwa sababu ya umbali.

Yeye siku hizo alikuwa bondeni. Kila asubuhi alikwenda kwa mama wa ng'ombe wawili, wakatembea pamoja, wakihesabu njia ambazo mifugo hupita kwenda chemchemini, nyumba ngapi huchota maji pale, miezi gani malisho ya juu hukauka wote wakashukia bondeni. Aliporudi kazini alileta vipimo hivyo vyote, vikaingia kwenye rasimu ya nne. Siku ya kusomwa hadharani ndivyo vilivyowanyamazisha wenye ndoto za maghala. Bonde lilibaki kahawia, chemchemi buluu, baraza likapitisha. Mpango ule ndio kazi kubwa kuliko zote alizotufanyia, na aliifanya akiwa hana mshahara kamili wala kiti. Zile kaya nne hazikurudishiwa ardhi zao. Walikuwa wametia sahihi.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine kwangu. Aligeuza meza yake ya kuchorea, ile yenye mguu mfupi, ili ukikaa unatazama mlango wa ofisi yangu. Saa ya chai alikuja kuketi mbele yangu, hata kama viti vingine vilikuwa vitupu. Alikuwa ananiuliza maswali ya ajabu kwa sauti ya upole, nyumbani hamjambo, mnaishi wangapi, shemeji anafanya kazi gani, yule mdogo wako aliyekuwa anatafuta kazi amepata? Nilimjibu kwa mkato. Nikajua ananichunguza ili alipize kisasi, na mimi nikaendelea kumchunguza ili nimnase. Tumekunywa chai hivyo miaka miwili, kila mmoja akimtazama mwenzake juu ya kikombe, na wageni walikuwa wakitusifu jinsi tunavyoelewana.

Wiki tatu zilizopita tulifanya makabidhiano. Mchora ramani mpya bado hajaajiriwa, hivyo mali ya kabati ilibidi niipokee mimi. Alinifanya nitie sahihi droo kwa droo, karatasi kwa karatasi, rula, wino, penseli za rangi pamoja na urefu wa kila moja, mpaka kidole kikaniuma. Cha mwisho kilikuwa lile daftari dogo. Alisema ni mali ya ofisi, nilisome mbele yake, nitie sahihi.

Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: Makosa ya makusudi, rasimu ya tatu. Chini yake kulikuwa na mistari mitano. Katika kila nakala alikuwa amechora kijia kimoja ambacho hakipo duniani, kidogo kama unywele, tofauti kwa kila nakala, ili rasimu ikivuja ajue imevuja kutoka kwa nani. Alitushuku sote watano, Mkurugenzi akiwa wa kwanza, na akatutega sote kwa usawa. Nakala ya kwanza ilikuwa na kijia nyuma ya shule, cha uongo. Ya pili ilikuwa na kijia cha kukatiza mlimani, cha uongo pia, ambacho mpima wetu, anisamehe, aliandika kwenye ripoti yake kwamba amekitembea na kinapitika hata wakati wa mvua. Ya tatu, ya afisa mipango, ilikuwa na kijia kutoka mashine ya kusaga hadi chemchemi ya bonde la chini.

Niliisoma mara mbili. Ile karatasi ya dalali nilikuwa nimeikodolea macho siku nyingi nikitafuta mkono wa Mzee Hebu, naijua kama nijuavyo jikoni kwangu. Hata hivyo nilivuka korido hadi masjala nikaomba faili. Kijia kilikuwa pale, kutoka mashine ya kusaga hadi chemchemi. Kielelezo nilichokiambatanisha mimi kumshtaki yeye kilitoka kwenye nakala yangu.

Nilirudi nikakaa. Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku Mkurugenzi aliponiwekea karatasi mezani," alisema. "Nilikuwa nimeenda kwa dalali mara mbili najifanya mnunuzi ili nione huo mchoro wake, akakataa kunionyesha. Mkurugenzi akanionyesha bure."

Nilimuuliza kwa nini hakutoa daftari siku ile ile ajisafishe. Alinijibu kwamba rasimu ya nne ilikuwa haijachorwa, na angelitoa daftari, aliyevujisha angeujua mtego, angevujisha ya nne akiwa ameshakifuta kijia, na bonde lingekwenda. Ilibidi mtu mmoja akae kimya mpaka baraza lipitishe. Kuhusu barua isiyo na jina, aliijua ni yangu tangu wiki ya kwanza ya kusimamishwa kwake, kwa sababu mama wa ng'ombe wawili alimweleza karatasi yake alimpa nani.

Basi baada ya baraza kupitisha, nilisema, mbona hukunitaja?

"Nilijua karatasi imetoka kwako. Kwamba umeitoa wewe, hilo sikulijua, na mimi siandiki nisichokijua. Mwaka wa kwanza nilidhani wewe ni mwizi hodari, unaiba na unamsingizia mwenzako. Mwaka wa pili nikaona hapana, Afisa. Wewe ni mzembe tu."

Nimeitwa mengi katika kazi hii, lakini hilo liliniingia, kwa sababu wakati anasema nilikuwa nimeshakumbuka. Wiki ile ya mvua kubwa, umeme wa ofisini ulipokatika, nilikunja nakala yangu nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda kuimalizia nyumbani. Masharti niliyatilia sahihi na masharti niliyavunja, na sikuona kama ni kosa kwa sababu niliyavunja kwa ajili ya kazi. Niliitandaza kwenye meza ya chakula siku mbili. Nyumbani tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, aliyekuwa akikaa kwetu huku akitafuta kazi. Miezi michache baadaye alipata pikipiki. Nilimpongeza. Tulikunywa soda.

Mtu mwenye macho ya kumwona mzee wa watu anacheka na dalali sokoni hakuona pikipiki uani kwake. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilikuwa na shaka nyingi, zote nikampelekea mtu mmoja, na nyumbani kwangu sikubakisha hata moja.

Nilimuuliza mdogo wangu Jumapili, tukiwa tumekaa mezani. Hakukana. Alisema alipiga picha kwa simu, hakujua italeta shida, dalali alimwambia ni mambo ya kawaida. Kisha akasema, "Dada, kitu cha siri mbona ulikiacha mezani tunapokula?" Nilitaka kumpiga, nikakosa mahali pa kuanzia. Sasa haishi kwetu tena, na maelezo yake ameyaandika kwa mkono wake na yapo kwa Mkurugenzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Alinikaribisha, akaniomba nisogee kidogo nisimzibie mwanga, akaendelea kushona. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na nikaanza kuyasema. Mzee aliniacha nifike kama katikati, akanyanyua mkono.

"Samahani ya sebuleni hainisaidii," alisema. "Mimi sikusemwa sebuleni. Nilisemwa ofisi nzima, na mke wangu akasemwa kwenye kikundi chake. Ukiwa na la kusema, liseme kule lilikosemwa lile."

Mkewe aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, akanitazama kwa mara ya kwanza. Sikumaliza chai.

Ndiyo maana kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, niliinua mkono kabla swali halijaisha. Najua baadhi yenu mlidhani ni mapenzi.

Jumatatu nilimpa Mkurugenzi maelezo yangu, kurasa sita, yenye sahihi yangu kila ukurasa. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya kamati ya nidhamu, na sina wakili wala udhuru. Nimeomba kitu kimoja tu, na kimekubaliwa. Kwenye faili la mzee, yale maneno "ushahidi haukutosha" yamefutwa leo asubuhi kwa kalamu ya Mkurugenzi, na mahali pake pameandikwa: "Hakutenda." Mzee ameliomba faili, akavaa miwani, akahakikisha.

Tunakushukuru, Mzee wetu, kwa mashamba kumi na moja yaliyopimwa upya, kwa msumari wa bati, kwa bonde ambamo ng'ombe wanakunywa maji huku mimi ninaandika. Tunamshukuru mama yetu wa cherehani, ambaye hakula mshahara wa ofisi hii lakini alikula aibu yake. Tunakuombea magoti yenye nguvu, macho yasiyochoka, wajukuu wabishi kama wewe, na miaka mingi ya kuamka saa unayotaka.

Wasifu huu utasomwa kwa sauti, naye atakuwa ameketi safu ya mbele pamoja na mkewe. Basi nina ombi kwa wenzangu. Yeyote katika ukumbi huu aliyewahi kunong'ona jina lake kwenye korido, au kunyamaza wengine waliponong'ona, au kumwacha aende getini peke yake siku ile, asipige makofi. Asimame, amgeukie, abaki amesimama mpaka mzee mwenyewe aseme tukae. Mimi nimeshasimama.